Kabla Hujafungua Kopo la Kostiki

Wanaoanza kazi ya sabuni ya mwani na mafuta ya nazi hapa Unguja huuliza kwanza habari ya harufu, kama itiwe karafuu au mchaichai. Mimi huwaanzishia na kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni.

Kostiki hutengenezwa viwandani kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi, kazi ambayo hutoa pia klorini na haidrojeni. Hutufikia ikiwa vipande vyeupe visivyo na harufu, na ikikugusa mkono, mara nyingi unachosikia mwanzo ni utelezi tu, kwa sababu imeshaanza kuyageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni. Maumivu huja baadaye. Usiyasubiri. Vua nguo iliyolowa, ujimwagie maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20, na ikiwa ni jicho, lifunue ulioshe vivyo hivyo, kisha uende hospitali. Siki, ambayo wengi huishauri, msiipake.

Hewa yetu ya pwani nayo ina mambo yake. Kostiki hunywa unyevu, na kopo lililoachwa wazi wakati wa masika hulowa likawa tope, huku hewa ya ukaa ikiigeuza polepole kuwa magadi. Hapo mizani husoma uzito ambao nguvu yake haimo. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki safi (sisi hupunguza kama asilimia 5, ili sabuni isiunguze ngozi), lakini kwa kostiki iliyolowa sabuni hubaki na mafuta mengi, na anayeongeza kwa kukisia huweza kuuza sabuni inayochoma. Iliyolowa msiipime kabisa.

Wakati wa kuchanganya, vaeni miwani na glavu, mkae penye upepo, na mtie kostiki ndani ya maji baridi kidogo kidogo. Maji yakimwagwa juu ya kostiki, joto lake huyachemsha yakaruka usoni.

Mimi nilianza kwa sufuria ya alminiamu, kama zilivyo nyingi majikoni mwetu. Ilifoka mapovu ya haidrojeni, gesi inayoshika moto, nami nilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye jiko la mkaa. Sasa nachanganyia katika ndoo ya plastiki nzito iliyoandikwa KOSTIKI kwa rangi nyekundu, na haichotewi maji ya kunywa.