Jibu: Kwa nini pembetatu ya kenchi ni imara na ya fosforasi hushika moto

Fundi mwenzetu wa Nakuru ameuliza swali ambalo halistahili jibu la mistari miwili. Binti yake wa kidato cha tatu anajua, kama baba yake anavyojua kwa kazi ya kuezeka, kwamba pembetatu ndiyo inayoizuia kenchi isilale upande. Sasa amesoma kwamba molekuli ya fosforasi nyeupe imeundwa kwa pembetatu zenye pande sawa tupu, na bado dutu hiyo huwaka yenyewe hewani. Nimefundisha kemia katika shule za upili za huku Kisumu kwa muda mrefu, na swali hili huulizwa na wanafunzi wanaosoma kwa makini.

Ndugu fundi, anza na msumari wako. Mbao tatu zilizoshikwa kwa msumari mmoja kila kona haziwezi kubadilisha pembe zake mpaka ubao mmoja urefuke, ufupike au uvunjike, ilhali mbao nne zilizoshikwa vivyo hivyo huinama kwa kusukumwa kidogo tu. Lakini angalia kwamba msumari wenyewe haudai pembe yoyote: urefu wa mbao ndio unaoamua. Atomu nyingi haziko hivyo. Atomu ya kaboni yenye vifungo vinne vya kawaida hutaka viachane kwa takriban digrii 109.5, kwa kuwa jozi za elektroni husukumana na kila moja hutafuta nafasi yake.

Siklopropani ni atomu tatu za kaboni zilizofungwa kwa pembetatu sawa, yaani pembe za digrii 60. Darasani nilikuwa nikiwapa wanafunzi vile vitufe vya plastiki na vijiti vyake, niwaambie waijenge. Vijiti vigumu havikubali; kimoja huchomoka upande huu wakati wanabana upande ule, na ni vile vya kupinda tu vinavyofika, navyo hukaa vimetuna nje ya pembetatu kama upinde. Ndivyo ilivyo katika molekuli halisi: wingu la elektroni halilali juu ya mstari ulionyooka kati ya kaboni mbili, bali hutuna nje kidogo. Gharama ya kubanwa huko ni takriban kilojuli 115 kwa kila moli. Gesi hii iliwahi kutumiwa hospitalini kuwalaza wagonjwa kabla ya upasuaji, ikaachwa hasa kwa sababu ikichanganyika na oksijeni hulipuka kwa cheche ndogo.

Fosforasi nyeupe ni atomu nne, kila moja imeshikana na nyingine tatu, hivyo molekuli ina nyuso nne na kila uso ni pembetatu sawa. Fosforasi ingeridhika zaidi na pembe za karibu digrii 100, nayo imewekwa kwenye 60. Si joto lote la moto wake linalotoka kwenye mkazo huo wa kubanwa, maana sehemu kubwa hutokana na nguvu ya vifungo ambavyo fosforasi huunda na oksijeni; mkazo hurahisisha kuvunjika, ndiyo maana huwaka kwenye nyuzi 30 na kidogo za Selsiasi, joto ambalo mchana wa Kisumu huukaribia, na ndiyo maana huhifadhiwa ndani ya maji. Ukiipasha joto pasipo hewa, kifungo kimoja katika kila molekuli hufunguka na molekuli huungana kuwa minyororo. Hiyo ni fosforasi nyekundu, ile iliyopakwa ubavuni mwa kiberiti, na huwezi kuiona ikiwaka yenyewe mfukoni mwa mtu.

Sasa iondoe atomu kwenye kona, iweke katikati. Katika trifloridi ya boroni, florini tatu ziko kwenye kona za pembetatu sawa na boroni iko kitovuni, vifungo vimeachana kwa digrii 120 na hakuna anayembana mwenzake. Kila kaboni ya grafiti nayo ina jirani watatu kwa mpangilio huo huo. Safu moja ya grafiti, grafini, ambayo Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga Manchester mwaka 2004, ni miongoni mwa vitu vyenye nguvu kubwa zaidi vilivyowahi kupimwa. Kwa hiyo pembetatu ni ile ile. Kinachobadilika ni mahali kifungo kinapopita: ubavuni mwa pembetatu, au kutoka kitovuni kwenda kwenye kona.

Metali ziko pembeni mwa mzozo huu, kwa kuwa kifungo chao hakichagui mwelekeo. Mimina gololi kwenye sinia iliyoinamishwa, utaziona zikijipanga kila moja na jirani sita, pembetatu baada ya pembetatu, zikifunika takriban asilimia 91 ya eneo, ambapo kwa mpangilio wa miraba zingefunika 79 tu. Shaba na magnesiamu zimejengwa kwa safu za namna hiyo. Ayoni ya haidrojeni tatu (chembe yenye chaji ya umeme), ambayo mwanafizikia J. J. Thomson aliigundua mwaka 1911, pia ni pembetatu sawa isiyolalamika: elektroni mbili zinawatumikia viini vitatu kwa pamoja.

Kuna pembetatu nyingine ambayo mimi huipenda kuliko zote, ya sumaku. Weka elektroni tatu kwenye kona, kila moja ikiwa kama sumaku ndogo inayotaka kuelekea kinyume na jirani yake, juu au chini tu. Ya kwanza juu, ya pili chini. Ya tatu haiwezi kuwaridhisha wote wawili. Mwaka 1950 mwanafizikia Gregory Wannier alionyesha kwamba mtandao mzima wa pembetatu kama hizo hubaki bila mpangilio mmoja hata kwenye sifuri halisi ya joto.

Kuhusu mtihani, mwambie binti awe mwangalifu na amonia. Haidrojeni zake tatu zinafanya pembetatu sawa, lakini naitrojeni haikai kitovuni kama boroni. Jozi yake ya elektroni isiyoshirikishwa husukuma vifungo upande mmoja, pembe zikawa takriban 107, na umbo likawa piramidi. Asiichore bapa.