Mlonge na tezi za nyonga
Dada, umeuliza kama unga wa mlonge utaamsha kinga kwenye tezi za limfu za mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Mlonge ni chakula kizuri, ila kazi hiyo hauiwezi. Kwenye tezi za limfu za nyonga ndiko seli za kinga hufundishwa kuitambua saratani, nayo saratani huzifungia seli hizo breki. Dawa ya pembrolizumab huachia breki hizo; Marekani iliidhinisha Januari 2024 itumike pamoja na mionzi na kemo, saratani ikiwa hatua ya 3 hadi 4A, yaani imeenea nje ya mlango wa kizazi ila haijafika viungo vya mbali. Kwa hatua hizo mionzi haikwepeki! Kwa hiyo msikawie hapo Mtwara, ombeni mapema rufaa ya Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam inayotoa mionzi. Na apimwe VVU: akiwa navyo, ARV zitainua kinga yake kuliko unga wowote.