Weka hiyo kalamu ya wino chini kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Unataka kuandika tafsiri ya Kiswahili kati ya mistari ya kitabu chako cha Kiarabu, ukauliza wino gani haupenyi karatasi, rangi ngapi zinatosha kutenganisha vitenzi na majina, na programu gani ya kompyuta hupanga tafsiri chini ya Kiarabu. Wino usiopenya upo, na ndio utakaokuumiza zaidi, maana haufutiki.

Mimi nilijaza kitabu kizima cha hadithi za Kiarabu, jalada hadi jalada, Kiswahili juu ya kila neno. Wino wa bluu, mwandiko mdogo wa kujivunia. Nikisoma nateleza tu, nikajiona nimeiva. Siku ya mtihani nikawekewa hadithi ileile kwenye karatasi safi, kati ya mistari peupe pee. Nikaduwaa. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nasoma mwandiko wangu mwenyewe! Jicho ni vivu: ukiliwekea Kiswahili karibu, halihangaiki na Kiarabu. Kisa nilikijua kwa kichwa, ila msahihishaji akigusa neno moja kwa kidole, sijui ni lipi. Mtihani nikaurudia, ada nikalipa tena, na kitabu chenyewe hata wa kumpa bure sikumpata.

Halafu pale kati ya mistari ya Kiarabu si uwanja mtupu. Alama za irabu zipo hapo: fataha na dhumma zinakaa juu ya herufi, kasra chini yake, na nukta ndizo zinazotenganisha ba, ta na tha, maana umbo ni lilelile. Sasa wewe unamwaga hapo "i" na "j" za Kiswahili, kila moja na nukta yake. Mimi nilikuwa najaza kwanza maneno niliyoyajua, magumu nayarudia baadaye. Nukta ya "i" moja ya mstari wa chini ikatua chini ya ha ya neno hamal, yaani mwanakondoo. Ha ikipata nukta hapo ni jim. Niliporudi nikasoma jamal, nikaandika juu yake "ngamia", kwa wino. Mchunga kondoo wa kwenye kitabu akatembea hadithi nzima na ngamia begani, wala sikushtuka. Nilidhani ndiyo fasihi.

Aliyeniingiza mkenge ni mwalimu mmoja wa masomo ya jioni. Eti ndivyo walivyofanya wa kale, akatutajia misahafu yenye Kiajemi kati ya mistari. Ipo kweli, sikatai. Lakini wanakili wale waliacha nafasi pana makusudi, tafsiri wakaiandika kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa wino mwekundu, ili isichanganyike na matini. Tena Kiajemi nacho kinatoka kulia kwenda kushoto. Kiswahili chetu cha a, be, che kinatoka kushoto! Kiarabu cha "mtu alimuua simba" huanza na kitenzi. Weka kila tafsiri juu ya neno lake, kisha soma ulivyozoea: "simba mtu alimuua". Haya, maiti ni ya nani? (Wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wamesalimika na hili, hongera zao.) Mwalimu hayo hakuyasema. Na kitabu chake mwenyewe, nilikuja kukiona, kilikuwa cheupe kama kimetoka dukani.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na mtu asije kunibishia: kati ya mistari linaingia tu neno lililokushinda mara mbili, kwa penseli, na siku ukilitambua bila kuangalia juu, unalifuta. Si sentensi, si kila neno, si "kwa usalama tu". Tafsiri nzima iende daftarini, mbali na macho.

Umesema umeanza juzi, basi bado uko kurasa za mwanzo. Kama umeshazitia wino, azima kitabu cha mwenzako, toa kopi ya kurasa hizo na uzibandike juu ya zako leo leo. Penseli yoyote inafaa, mradi ina kifutio.