Kila mgonjwa anasema "nameza vizuri": nipime vipi?

SWALI: Dokta, habari za kazi. Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya presha na kisukari, kituo cha afya ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Tumetakiwa kuonyesha kwa takwimu wagonjwa wetu wanaendeleaje na dawa wanazoandikiwa. Nilitunga dodoso fupi, swali la kwanza likiwa "Je, unameza dawa zako kama ulivyoelekezwa?" Karibu wote wamejibu ndiyo, lakini presha za wengi bado ziko juu. Mwenzangu amepata dodoso la Uingereza linaloitwa LMQ (Living with Medicines Questionnaire, yaani dodoso la kuishi na dawa), anataka tulitafsiri tu tuendelee na kazi. Unatushauri nini?

JIBU: Salama, dada, pole na majukumu. Hilo swali la kwanza litoeni kabisa. Mgonjwa aliyedamka alfajiri, akapanga foleni, akafika mbele ya nesi mwenye kadi yake mkononi, hawezi kumwambia "simezi". Jibu la heshima ni ndiyo, na ndilo analokupa. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya mwaka 2003, lilikadiria kwamba hata katika nchi zilizoendelea ni kama nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa sugu wanaofuata matibabu ya muda mrefu inavyotakiwa. Kwa hiyo wakisema ndiyo karibu wote, tatizo litafuteni kwenye swali.

Halafu kumeza dawa kwa utaratibu, ambako sisi huita ufuasi, ni jambo moja, na kuishi na dawa ni jambo jingine. Yupo anayemeza kila kidonge huku siku yake nzima imevurugika. Yupo anayeruka vidonge ili shughuli zake ziende. Mkipima ufuasi peke yake, wa kwanza mtamhesabu kuwa hana shida, na wa pili mtamwona mkaidi.

Chukua mvuvi wa dagaa pale Kibirizi. Ameandikiwa dawa ya presha ile inayokojoza, kidonge kimoja asubuhi. Wakati wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, anaingia ziwani jioni, anavua kwa taa usiku kucha, anarudi alfajiri kulala. Akimeza asubuhi, usingizi wake wote ni kuamka kwenda msalani. Akimeza jioni, mkojo unambana akiwa mtumbwini na wenzake, wavu uko majini. Mbalamwezi ikishika hatoki, anashinda nyumbani na dawa anameza kila siku. Mwulize swali lako siku za mbalamwezi, atajibu ndiyo, wala hasemi uongo. Lakini ukimwuliza, "Katika wiki nne zilizopita, kuna siku dawa iligongana na kazi yako au usingizi wako?" atakueleza yote. Ndiyo maana kwa hapo kwenu napendelea muda wa kuulizia uwe wiki nne: unazoa giza na mbalamwezi pamoja. Na huenda dawa ya tatizo lake ni ndogo tu, daktari akikubali aimeze mchana anapoamka. Kwa wagonjwa wa sukari wa Ujiji ongezeni swali la saa za kumeza wakati wa mfungo wa Ramadhani.

Sasa hiyo LMQ. Ni dodoso zuri, nalithamini kwa sababu lilijengwa kutokana na mahojiano na watu wanaotumia dawa kwa muda mrefu. Toleo lake la tatu lina sentensi 41, na kila moja mgonjwa anaijibu kwa ngazi 5, kuanzia kukubali sana hadi kutokubali kabisa. Sentensi zinagusa maeneo 8: uhusiano na wahudumu, ugumu wa kuzitumia dawa, gharama, madhara, kama dawa zinasaidia, wasiwasi, kuingiliwa kwa maisha ya kila siku, na nafasi ya mgonjwa kuamua mambo yake. Jumla huanzia 41 hadi 205, na kadiri inavyopanda ndivyo mzigo wa dawa unavyokuwa mkubwa.

Lakini limetungwa kwa watu wa kule. England mtu mwenye miaka 60 na kuendelea halipii dawa aliyoandikiwa. Kwenu, hata anayepewa bure ana gharama zake: nauli ya boti kutoka Kagunga, siku ya kazi iliyopotea, au dawa kuisha kituoni akaenda duka la dawa muhimu kununua vidonge vya siku tatu kwa sababu hela iliyopo ndiyo hiyo. Mkitafsiri neno kwa neno atasema dawa hazimgharimu, na eneo zima la gharama litawapotosha.

Kwanza ombeni ruhusa kwa wenye dodoso. Kisha watu wawili watafsiri kila mmoja kivyake, mkae mpatanishe. Mtu wa tatu ambaye hajaona la Kiingereza alirudishe kwenye Kiingereza, mlinganishe. Baada ya hapo ndipo ije hatua ambayo wengi huiruka, nami naiona kubwa kuliko zote: kaeni na wagonjwa wachache, mmojammoja, msome sentensi na kumwomba aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Wawemo akina mama wa vijijini ambao Kiha ndicho wanachokizungumza nyumbani. Endeleeni mpaka msikutane na kigugumizi kipya.

Sentensi za kukanusha ziepukeni. Ukiuliza "Hujawahi kusahau dawa?" mama akajibu "ndiyo", karani mmoja ataandika amesahau, mwingine ataandika hajasahau. Badala yake changanyeni sentensi za sifa na za malalamiko, mfano "Dawa zangu zinanisaidia" na "Dawa zangu zinanichosha", ili anayekubali kila kitu agundulike. Wakati wa kujumlisha, za sifa mzigeuze alama, 5 iwe 1 na 4 iwe 2. Kwa asiyesoma, ngazi tano zinachanganya. Mwulize kwanza anakubali au hakubali, kisha sana au kiasi.

Anayeuliza asiwe wewe, dada, wala yeyote anayegawa dawa. Tafuteni mtu asiye na sare, pembeni, na mgonjwa awe ameshachukua dawa zake ili asihofie kunyimwa. Mhudumu wa afya wa jamii anafaa, ila asiwahoji majirani zake mwenyewe.

Kwenye hesabu, kipimo cha alfa cha Cronbach, namba inayoonyesha sentensi za eneo moja zinaendana kiasi gani, kikifika 0.70 kwa kila eneo, sentensi zake zinashikamana vya kutosha. Uchambuzi mzito wa kuthibitisha yale maeneo 8 unahitaji watu 5 hadi 10 kwa kila sentensi, yaani 205 hadi 410; huo waachieni watafiti. Nyie ripotini kila eneo peke yake. Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na jumla ileile, mmoja akilemewa na nauli na mwingine na kuharishwa na metfomini, dawa ya sukari, na msaada wao haufanani hata kidogo. Kama mnatarajia kuchapisha matokeo, kibali cha maadili ya utafiti kitangulie. Kama ni kwa kuboresha huduma zenu tu, anzeni kwa mganga mfawidhi, na majina yasiandikwe kwenye dodoso.

Jambo moja msilichelewe. Mgonjwa akitaja dhara katikati ya maswali, mfano miguu kuvimba kwa amlodipini au kikohozi kikavu kwa enalaprili, zote dawa za presha, anayehoji asiishie kuweka alama. Amfikishe kwa daktari siku hiyohiyo, na fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa kwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) ijazwe kabla hajaondoka kituoni.