Nyongeza zipi nichukue kwenye nyumba mpya?

SWALI: Shikamoo dada. Nanunua nyumba mpya Raskazone, Tanga, mjenzi anasema nikiongeza hela ataweka jipsamu ya maua na makabati ya jikoni. Nichukue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hivyo acha kwanza, fundi yeyote atakuwekea hata mwakani ukishahamia. Hela ipeleke kwenye vinavyofichwa ukutani, mabomba, waya wa kiyoyozi, soketi za kutosha jikoni, maana kuja kupasua ukuta na tailizi baadaye utalia. Halafu hapo ni baharini jamani, chumvi inakula chuma, grili za madirisha zinaanza kuchuruzisha kutu kwenye rangi nyeupe, we dai grili na fremu za alumini. Na kila nyongeza iandikwe kwenye mkataba na bei yake, ndo usaini.