Jibu: Lamu mpaka Dubai siku moja? USITHUBUTU

Wee ngoja, usilipe! Yaani wauliza kama waweza kutoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, mchana na jioni hiyo hiyo upande ndege ya Dubai, kwa tiketi mbali mbali? Hayo uliyouliza ya ndege gani na mizigo kilo ngapi tuyaache, ndege zenyewe ni za mapangaboi, ama Caravan ya injini moja ama Dash 8 ya injini mbili, zote zafika.

Shida ni zafika WAPI. Nairobi kuna viwanja viwili, Wilson, uko Lang'ata Road, na JKIA, uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta, kule Embakasi, na ya Dubai yaondokea JKIA, na mie mtoto wa Langoni, Lamu, nikijua Nairobi ni Nairobi. Wakala aliyenikatia nilimuuliza mara mbili, akanambia "ukishuka wavuka tu upande wa pili". Nikadhani kama tunavyovuka na boti kutoka Manda, hujamaliza salamu ushafika mjini! Siku yenyewe ndege ikachelewa, tumekaa pale Manda twahisabu mikoko, tukatua Wilson saa kumi kasoro robo. Nikaburura sanduku mpaka kwa askari, nikamuuliza geti la Dubai liko wapi. Akanitazama, akaitazama ndoo ya halua mkononi, akamwita mwenzake aje asikie.

Teksi, jam ya Mombasa Road, dereva ananambia tutafika tu mzee, nafika kaunta imefungwa dakika kumi na tano nyuma. Kwa hisabu zao mie sikutokea, pesa haziregeshwi. Walionileta wasema sisi tumekufikisha Nairobi, wa Dubai wasema umechelewa mwenyewe, na wote wana haki maana tiketi ni mbili na hakuna anayemjua mwenzake! Elfu 52 zimekwenda hivyo, nikanunua nyingine. Mke wangu huwaambia watu nililala uwanjani, si kweli, nilikaa macho mpaka alfajiri. Halua niliimalizia palepale. Na yule wakala mpaka leo akiniona Mkunguni aingia kichochoroni.

Basi, tiketi mbili, siku mbili. Lala Nairobi. Zipo ndege za Lamu zinazoshuka JKIA moja kwa moja, na hiyo pia ulale, mvua ama upepo ukiizuia Manda utafanyaje? Usinambie binamu yako alifanya akawahi, binamu yako hakulipa elfu 52 zangu.

Hebu ifungue tiketi sasa hivi utazame zile herufi tatu za uwanja utakaoshukia, ni WIL ya Wilson ama NBO ya JKIA?