Kijana aliyebaleghe kucheza bila ratiba: je, ni kupoteza umri?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Asubuhi shule, mchana tuisheni, jioni madrasa. Akipata upenyo anakimbilia kucheza chandimu na wenzake, hakuna kocha wala timu, anarudi vumbi tupu. Baba yake anasema keshabaleghe, mchezo umekwisha, kila saa ataulizwa na Mola wake. Je, tumzuie?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh, mama yangu. Msimzuie. Asili ya mchezo ni halali, na kubaleghe kunamuongezea kijana faradhi, hakumnyang'anyi halali yake.

Baba ana haki ya kuliogopa swali hilo. Hadithi ya Tirmidhi iko wazi: mja ataulizwa umri wake aliumalizia katika nini. Lakini sahaba Hanzala alipolalamika kwamba mbele ya Mtume (s.a.w.) anaiona Pepo na Moto kama kwa macho, kisha akirudi kwa mke na watoto anasahau mengi, aliambiwa: "Ewe Hanzala, saa hii na saa hii," yaani kuna saa ya ibada na saa ya kupumzika. Imo katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim.

Humo humo imo habari ya Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) tangu akiwa mtoto. Siku moja alitumwa. Akasema wallahi siendi, na moyoni amekusudia kwenda. Akatoka, akapita kwa watoto wanaocheza sokoni. Mara akashikwa kisogo kwa nyuma. Kugeuka, ni Mtume (s.a.w.), anacheka! Akamwita Anas kwa jina la mapenzi: "Ewe Unays, umekwenda nilikokuamuru?" Akajibu: "Naam, nakwenda, ewe Mtume wa Allah." Hakupigwa, na wale watoto hawakufukuzwa. Anas huyo ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa masahaba waliopokea hadithi nyingi kabisa.

Mwanachuoni Imam Ghazali, katika kitabu chake Ihyaa, ameagiza mtoto akitoka madrasa aachiwe acheze mchezo mzuri apumzike. Akasema kumnyima mchezo na kumchosha kwa masomo daima kunaua moyo wake na kuzima akili yake, mpaka atafute hila ya kuyakimbia masomo yenyewe. Nawasihi wazazi mlione hilo kabla halijawafika.

Na kutokuwa na kocha, mimi naona ndiyo faida yake. Goli ni ndala mbili, refa hakuna. Mpira umepita juu ya ndala: umeingia au haukuingia? Watabishana, mmoja atasusa, watambembeleza arudi, watapiga upya. Hapo kijana anajifunza kusema kweli inayomgharimu, kusamehe na kukubali kushindwa, bila mtu mzima kumsimamia. Darasani tunamsomesha uadilifu, pale anaufanya.

Mipaka ni hii: adhana ikilia mchezo usimame, mapaja yasitiriwe, matusi yasiwepo. Na wasiwekeane pesa, hata mia mia, maana hiyo ni kamari, nayo imeharamishwa katika Suratul Maida aya ya 90.

Kama yuko dada yake, naye msimsahau. Bibi Aisha (r.a.) aliwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini, Mtume (s.a.w.) akimsitiri kwa shuka yake mpaka Aisha alipochoka mwenyewe. Bibi Aisha akasema: kadirieni basi hali ya msichana mdogo anayependa mchezo. Mtafutieni uwanja wenye stara na wenzake, naye apewe saa yake.

Wallahu aalam.